Maharage Mchana Kweupe

Nyakakika, alasiri, ng'ombe bado wako malishoni

Kokugonza mwanangu,

Desturi ya barua ni kuanza kwa kuulizana hali. Hali yako naijua. Uko nje hapo, nyuma ya ukuta huu wa udongo, unalisugua sanduku la bati la baba yako kwa majivu kana kwamba kutu ya miaka yote itaondoka leo, na unaimba kwa sauti ya mtu asiyetaka kuulizwa kama anaogopa. Hali yangu mimi ni ya hasira kidogo, kama kawaida, na mwili ni mzima. Basi salamu zimekwisha.

Nakuandikia kwa Kiswahili, si kwa Kinyambo tunachosemeana kila siku, kwa sababu kuandika kwenyewe nilifundishwa na masista kwa Kiswahili, na kalamu yangu haijui lugha nyingine. Tena bibi yako hajui Kiswahili zaidi ya shikamoo na marahaba. Yaliyomo humu nimekwisha kumwambia usoni, lakini nataka tutoke kesho bila mtu kunisomea maneno yangu mwenyewe na kunidai maelezo. Tukishapita lango la ua, amsomee anayetaka.

Sitakuambia namna ya kufua, wala saa ya kuamka, wala jinsi ya kutunza shuka lisiibiwe. Huko shule ya kati masista watakuambia hayo mpaka uyaote. Mimi nataka kukueleza habari ya maharage. Wewe uliyaona yalipokwisha kuwa vita katika ua huu. Hukuona yalikoanzia, na sitaki uende ukidhani mama yako alipatwa na wazimu mwaka huu tu.

Mimi ni mtoto wa watu wa jembe. Unajua, ila hapa kwenu jambo hilo husemwa kwa sauti ya chini, kama vile mtu anasema juu ya mgonjwa aliyelala chumba cha pili. Baba yangu kule Nyakasimbi alikuwa na migomba na kahawa kidogo, na mama yangu alipanda maharage chini ya migomba kila mvua zilipoanza. Tulikula maharage na ndizi, tulikula maharage na viazi, na siku za shida tulikula maharage na maharage. Mama alipopika katogo, ndizi na maharage katika chungu kimoja, jirani walijikuta wana jambo la kuja kutuuliza, na jambo hilo halikwisha mpaka wamekula.

Baba yako nilikutana naye misheni tulipokuwa tunafundishwa katekisimu kabla ya ubatizo. Kijana mrefu, hajui kukaa kwenye benchi, amezoea kusimama na fimbo. Nilimcheka, akacheka, na mengine hayakuhusu. Ndugu zake walimwambia hakuna msichana wa ng'ombe aliyebaki duniani mpaka achukue wa jembe? Akawaambia wapo, lakini hawamchekeshi. Nakuambia hili ili ujue kwamba baba yako, huyu unayemwona anakaa kimya kama gogo, aliwahi kusema.

Sheria ya kwao unaijua kwa kuwa umekulia ndani yake. Mtu aliyekula maharage asinywe maziwa siku hiyo, wala asishike chombo cha maziwa, kwa sababu maziwa yakikutana na maharage tumboni, ng'ombe aliyeyatoa ataumwa kiwele na kukauka. Basi nilipoolewa walinikalisha ndani siku kadhaa kwa maji matupu ili maharage ya kwetu yanitoke mwilini. Halafu ndipo bibi yako akaja na ekyanzi, kile chombo cha mti kilichofukizwa moshi wa majani, akanishika kidevu, akaninywesha. Nilikuwa na njaa kiasi kwamba nililia. Wanawake wote wakashangilia, wakadhani nalia kwa furaha. Wala sikuwasahihisha.

Hapo ndipo nilipoanza kukosea. Sikosoi kunywa maziwa, ni matamu, nimeyapenda na ninayapenda mpaka leo. Nilikosea pale nilipoona kwamba ukikubali kitu kimoja watu wanakupenda, nikadhani nikikubali vyote watanipenda sana. Niliacha maharage. Niliacha jembe. Niliacha hata kusema neno "shamba" mbele za watu. Mama yangu alikuja kunitazama akiwa na kikapu cha maharage mapya kichwani, amekibeba kutoka Nyakasimbi kwa miguu, na kikapu kikawekwa nje ya ua kama mbwa wa wageni. Mimi nilikaa naye, nikampa maziwa, nikajifanya sikioni. Aliporudi kwake alikibeba tena.

Na mwaka uliofuata nilipokwenda nyumbani kumsalimu, akanipikia katogo. Nikamwambia, "Mama, mimi sili tena maharage." Nilisema kwa maringo, mwanangu, huku nimekunja mdomo hivi. Aliweka sahani chini akacheka, akasema, "Basi nitakuchemshia ndizi tupu, mama." Hakunipikia tena katogo mpaka alipokufa. Kila nikikumbuka kicheko kile nashikwa na hasira, na mtu wa kumwonyesha hasira hiyo ni mimi peke yangu.

Sasa nikufikishe kwa kaka yako.

Katunzi alipofaulu darasa la nne ulikuwa bado unatambaa na ndama uani. Alikuwa mtoto wa kwanza wa ua huu kuitwa shule ya kati. Mwalimu alikuja mwenyewe kutuambia, akasema mtoto huyu kichwa chake ni chepesi, hesabu anazimaliza wenzake wakiwa bado wanachonga kalamu. Nilifurahi mpaka nikakosa la kufanya. Basi nikafanya ambacho angefanya kila mama wa hapa: nikamjazia mtungi wa samli, nikamfungia kibuyu cha maziwa ya mgando, nikamwambia, "Ukipewa maharage, sema kwa heshima kwamba kwenu hamli. Kula ugali wako na samli." Hayo ndiyo yalikuwa maandalizi yangu. Nilimwandaa kana kwamba anakwenda kulala porini na ng'ombe usiku mmoja.

Samli ile iliisha wiki ya kwanza, maana wavulana wa bweni wana pua. Maziwa yaliharibika. Na kwa heshima ile niliyomfundisha, Katunzi alisimama mbele ya sufuria la shule akasema kwao hawali maharage. Walimcheka mpaka mpishi akacheka. Wakamwita Ndama. Kila siku chakula kilikuwa ugali na maharage, ugali na maharage, naye akawa anakula ugali mkavu na chumvi, halafu akawa hali hata huo, na darasani akawa anasinzia. Mwalimu wa huko akadhani ni mvivu, akamchapa. Siku moja akaondoka bila kuaga mtu, akatembea, akaingia lango la ua jioni amebaki macho.

Na sisi tulifanya nini? Tulifanya karamu. Bibi yako alimnywesha kwa mkono wake mwenyewe, akaita watu, akasema, "Mjukuu wangu amekataa maharage ya serikali!" Baba yako mkubwa akamwahidi mtamba. Halafu bibi yako akanigeukia mimi, mbele ya wote, akanishika mkono, akasema, "Mkamwana, umelea." Nilikuwa nimeolewa miaka yote hiyo na lilikuwa neno lake la kwanza la kunisifu. Nikalipokea. Nikajisikia nimenenepa palepale nilipokaa. Mwanangu amepoteza shule na mimi nashangiliwa, na ninatabasamu.

Mwalimu alikuja kumwomba arudi. Nilijificha ndani. Baba yako alimwambia mtoto hataki, na kweli hakutaka, nani angetaka? Nafasi yake wakampa mwingine. Kaka yako sasa ni mchungaji mzuri, hakuna anayembishia. Lakini wewe umemwona jinsi anavyochukua daftari zako akidhani hatumwangalii, anapiga hesabu zako za darasa la nne kwa kijiti mchangani, halafu anafuta kwa mguu.

Basi wewe ulipofaulu, mwaka huu, sikulia wala sikucheza. Nilikaa chini nikawaza jambo moja tu, tumbo lako. Kichwa chako sina wasiwasi nacho. Moyo wako ni mgumu, umeuchukua kwangu, pole. Tumbo lako ndilo lilikuwa tumbo la ua huu, halijui kitu isipokuwa maziwa, ndizi, ugali wa ulezi na nyama za sikukuu. Nikasema, safari hii mtoto wangu ataandaliwa.

Mara ya kwanza nilikosea tena, nilikupeleka kujificha. Unakumbuka tulivyokwenda kwa yule mama wa Kilutheri anayelima huko bondeni, tukajifanya tunakwenda kuazima ungo. Alikuwekea maharage kwenye bakuli, ukayatazama kama mtu anayetazama dawa. Ukala matatu manne, ukatoka nje, ukayatapika yote kwenye matuta yake ya viazi. Njiani ukaniuliza, "Mama, watu huyala haya kwa kupenda?" Nilicheka mpaka nikakaa njiani. Halafu nikafikiri: mtoto anajifunza kula kama mwizi, kwa haraka, anachungulia mlango, atawezaje kutulia chakula kikakaa? Huko shule hakuna mlango wa kujifichia. Atakula mbele ya wasichana wote, na atakula kesho, na kesho kutwa.

Ndipo nikaleta maharage ndani ya ua, mchana kweupe. Niliwasha moto wangu mbele ya nyumba yangu, si nyuma, nikainjika chungu, nikakaa kwenye kigoda nikachochea. Harufu ilipopanda bibi yako akatoka kwake. Wewe ulikuwepo, lakini ulikimbilia ndani, kwa hiyo hukusikia yote.

"Mkamwana," akaniita kwa upole kabisa, "unapika nini?"

"Maharage, mama."

"Ya nani?"

"Ya Kokugonza. Na yangu."

"Waitu! Ndani ya ua wa ng'ombe?"

"Ndani ya ua ninapokaa, mama. Sina ua mwingine."

Akasema, "Unataka kutuulia ng'ombe ili mtoto wa kike akajifunze kushona?"

"Ng'ombe wakifa tutawalilia wote," nikamwambia. "Yule aliyerudi na njaa sikumwona mtu akimlilia."

Tangu siku ile nilipika kila siku. Hatukunywa maziwa siku hizo wewe na mimi, niliishika sheria yao hapo, sikutaka waseme nawatukania ng'ombe wao. Tulikula kwangu, kwa sahani zetu, tukanawa kwa maji yetu. Wewe ulikuwa unameza bila kutafuna, kama mtu anayemeza kwinini, na mimi nikakukemea utafune. Siku moja nikaona umetafuna. Siku nyingine nikaona umefuta sahani kwa kidole ukijua siangalii. Nakuambia nilisikia raha kuliko siku ya matokeo.

Halafu Bihogo akaumwa kiwele.

Kati ya ng'ombe wote wa ua huu! Yule mwekundu aliyetajwa kuwa ni wako siku ulipobatizwa. Kiwele kikavimba upande mmoja, kikawa cha moto, na maziwa yakatoka na mabonge. Sitaki uongo katika barua hii: nilipoambiwa, niliogopa. Nilikwenda kumtazama zizini peke yangu. Nilimshika sikio nikamwambia, "Wewe ungengoja hata wiki mbili, ungekufa?" Alinilamba mkono. Hakuwa na neno na mimi.

Baba yako mkubwa akaja siku hiyo hiyo. Tukakaa wote uani, na katekista naye akaitwa, kwa sababu nilisema nataka mtu wa kanisa awepo. Katekista maskini alijipangusa jasho, akasema Kanisa Katoliki halina amri yoyote juu ya maharage. Bibi yako akamjibu, "Kanisa halikamui." Hata mimi nilicheka. Ana ulimi, bibi yako, na ningekuwa na mama mkwe mwingine labda ningekuwa nimelala usingizi maisha yangu yote.

Baba yako mkubwa akasema mambo yamejionyesha, mtoto asiende. Akienda atakula hayo kila siku, halafu likizo atarudi na kinywa hicho katika vyombo vya wazee. Nikamwambia, "Shemeji, ng'ombe waliumwa kiwele kabla sijafika hapa. Na ule mwaka nilioolewa, walipoumwa wengi, nani alikuwa amekula maharage? Ni mimi, niliyekuwa nimenyweshwa maji siku nzima nzima mpaka nikaona nyota?" Akasema siwezi kujua siri za ng'ombe mimi mtoto wa jembe. Nikamwambia sijui siri za ng'ombe, najua njaa ya mtoto wangu, niliiona ikiingia pale langoni kwa miguu yake, na sitaiona mara ya pili. Mtoto atakwenda.

Wote wakamtazama baba yako. Akatazama chini. Basi bibi yako akasema yeye, taratibu, wala hakuwa na hasira: "Basi aende. Lakini asiguse tena chombo cha maziwa cha nyumba hii."

Nikasema, "Sawa."

Nilisema haraka mno. Ulikuwa umekaa mlangoni, nikauona uso wako, nikajua nimekubali kwa niaba yako kitu ambacho si changu. Lakini sikulirudisha neno.

Siku ya tatu yake baba yako alikuja kwangu jioni na maziwa ya moto, yana povu bado, amekukamulia ng'ombe mwingine. Ameyatia kwenye kikombe cha bati. Siku hiyo chungu changu kilichelewa kuiva, ulikuwa bado hujala maharage, ungeweza kunywa kwa sheria zote. Nikamuuliza, "Kwa nini kikombe?" Akasema, "Anastazia, kikombe si kitu." Nikamwambia, "Kama si kitu, mpe kwenye ekyanzi kama mtoto wako." Akasimama pale mpaka povu likashuka. Wewe ulimeza mate, nilisikia. Akageuka akaenda nayo.

Kwa hiyo mtoto wa mwenye ng'ombe wote hawa anaondoka nyumbani bila kuonja maziwa ya kwao majuma yote ya mwisho, na aliyemnyima ni mama yake. Nimelifikiria sana. Pengine ningekuacha unywe kwenye kikombe kile, ungekunywa, ungefurahi, ungelala. Lakini ninakijua kikombe. Mimi ni mtu wa kikombe tangu nilipofika hapa, hata kama siku ya kwanza nilinyweshwa kwa ekyanzi. Huanza na kikombe chako peke yako, baadaye kigoda chako peke yako, na ukizeeka unajikuta unashukuru kwa kupewa. Sikutaka uanze kushukuru ukiwa na umri huo. Ukiona nilikosea, utaniambia ukirudi, nitakusikiliza. Kujuta bado sijajuta.

Usimchukie bibi yako. Nasema hivi na mimi ndiye ninayegombana naye kila siku. Alipokuwa binti mdogo sotoka ilipita katika nchi hii, na asubuhi moja zizi la baba yake lilikuwa limejaa mizoga, hata sauti ya ndama haikusikika. Walikufa ndugu zake kwa kukosa maziwa. Aliyebaki ni yeye. Mtu aliyeona hivyo atafunga milango yote anayoiweza, hata ile ambayo ugonjwa haupitii. Namwelewa. Kumwelewa hakunifanyi nizime moto wangu. Bihogo amekwisha kupona, kaka yako alimkanda kwa maji moto na kumkamua maziwa yale mabovu mpaka yakaisha, na bibi yako anasema amepona kwa sababu niliogopa nikapunguza maharage. Sikupunguza hata punje.

Na huko uendako nako kuna watu wa kukutengea kikombe, usidhani wako hapa tu. Wasichana wa mashambani watasema unanuka moshi wa vibuyu. Watakuuliza kama ni kweli kwenu mnalala na ndama. Waambie ndiyo, tena ndama wana adabu, hawakoromi. Utapewa jembe, maana shule hizi za kati siku hizi zina mashamba makubwa, na hujui kulishika. Watacheka. Cheka nao siku ya kwanza, siku ya pili shika jembe. Mikono yako umeitoa Nyakasimbi, itakumbuka yenyewe. Asikwambie mtu kwamba kwa kuwa sasa unalima na kula maharage basi uwacheke wanaochunga. Akija msichana mwingine wa ng'ombe, akasimama mbele ya sufuria hana la kufanya, kaa naye. Mwambie atafune.

Usiwe kama mimi wa kutaka kupendwa na wote waliomo uani. Nilikula miaka mingi nikiangalia uso wa mtu mwingine kama amefurahi. Chakula hakishuki vizuri namna hiyo. Kuna siku utakosea, utasema neno kubwa mahali ambapo dogo lingetosha, kama mimi na ile "sawa" yangu. Kosea kwa sauti yako mwenyewe. Makosa yangu yaliyoniuma zaidi ni yale niliyofanya nikiwa mtulivu, watu wakinisifu.

Limebaki jambo moja, halafu nakuacha na sanduku lako.

Leo asubuhi ulipokuwa umekwenda kisimani, kaka yako alikuja hapa kwangu. Alikuwa amemaliza kukamua, ng'ombe wanamngoja langoni, fimbo iko begani. Chungu cha jana kilikuwa bado motoni. Akasema, "Mama, nipe na mimi." Nikadhani anatania. Nikamwambia, "Katunzi, ukila hutakunywa maziwa leo, na kesho bibi yako hatakuruhusu ukamue." Akasema, "Najua." Akavuta kigoda chako, akakiweka katikati ya ua, mahali ambapo kila mlango unamwona. Bibi yako alikuwa amekaa kwake anasuka mfuniko wa kibuyu. Baba yako alikuwa kwenye zizi.

Nikampakulia. Yakamwagika kidogo. Alikula la kwanza akalishikilia mdomoni, macho yakamjaa machozi, nikadhani atatapika kama ulivyotapika wewe. Akatafuna. Akameza. Akala tena. Mikono ya bibi yako ilikuwa imesimama kwenye ukindu. Alikula mpaka akamaliza, akaweka sahani chini.

Akaniuliza, "Ni haya, mama?"

Nikasema, "Ni haya."

"Haya tu?"

Kokugonza, nilikuwa na majibu kwa baba yako mkubwa, nilikuwa na majibu kwa bibi yako na kwa katekista. Kwa kijana wangu niliinama tu nikaiokota sahani. Nilisema, "Haya tu, baba." Akaitika kwa kichwa, akachukua fimbo, akatoa ng'ombe.

Sitaki kuulizwa swali hilo na mtoto wangu mwingine. Wakikuwekea sahani, kula.

Mama yako,
Anastazia